Usiniachie Nafasi Pembeni ya Mashini

Asifiwe wangu,

Umetoka kwenda kuaga watu wa korali ya kanisa, na mvula imekushika kule. Asante mvula. Bila hiyo singepata hata dakika moja ya kukaa na karatasi, juu nyumba imejaa tangu juzi: mashangazi, majirani, wale wenye kuleta kuku na wale wenye kuleta maneno. Kila mumoja ana yake ya kukuambia juu ya Kisangani. Ufunge mulango, uchemshe maji, usipande pikipiki ya muntu usiyemujua, usikopeshe sufuria. Wamesema yote na wamesema muzuri, mimi sina cha kuongeza hapo. Tena ninakujua, ukiambiwa jambo mara nyingi unaliacha juu ya kiburi tu. Hicho kiburi hukukiokota njiani, ni changu.

Mimi ninataka tuongee juu ya mashini ya kahawa.

Najua utacheka. Utasema, mutoto anaacha nyumba ya mama yake, na mama anamuandikia mambo ya mashini! Njo hivyo. Tumegombana juu ya hiyo mashini tangu siku ulipata kazi ya kuonja kahawa, wakati shefu wako alikuambia ni muzuri uwe na moja nyumbani ili ulimi wako uzoee. Umenipitishia foto kwenye telefone mupaka macho yangu yakatoka machozi. Na ule ugomvi hatukuumaliza. Mimi na wewe tunagombanaka mupaka mwisho, halafu tunakula. Huu tuliuacha katikati, na mimi njo niliukimbia. Nilibeba bidoni nikasema ninaenda kuchota maji, na bidoni ilikuwa imejaa tayari. Uliona.

Tuanze na mambo mepesi.

Ile ya kapsile, hapana. Tulikubaliana hapo, lakini niache niseme tena juu inanifurahisha. Baba yako alikufa ungali unanyonya, lakini aliacha miti ya kahawa kule kwetu, chini ya Karuba, alikuwa anaijua moja moja. Sasa mutoto wake akunywe kahawa yenye imefungwa ndani ya kikopo sawa dawa ya minyoo? Na siku kapsile zitaisha, utaomba kwa nani? Utaweka radio juu yake, itakuwa meza.

Ile ya kukamua kwa mukono, mimi niliipenda. Haiombi umeme, unachemsha maji yako kwa moto wa makala, unamimina, unasukuma. Wewe ukasema, "Mama, hiyo ni pompi ya baiskeli, mi siendi kazini na jasho." Sawa. Ile kubwa yenye kusaga kahawa yenyewe, wewe uliipenda, mimi nikasema hapana: siku kinu yake inakufa, mashini yote imekufa nayo, unabaki na kaburi la chuma katikati ya jiko. Ununue kinu yake mbali, hata ya kuzungusha na mukono. Na ikiwa pesa iko kidogo, ipe kinu sehemu kubwa. Kahawa yenye imesagwa ovyo hakuna mashini ya kuiokoa, wala ya Kizungu wala ya Mungu.

Unajua hiyo akili niliitoa wapi. Niliitoa Masisi, kwa masere, wale watawa wanawake, kwenye nyumba yao ya wageni, wakati nilikuwa mupishi wao. Walikuwa na mashini moja ya chuma, ndogo, kali, ya kupiga kelele. Masere mumoja mugeni alinifundisha, akanionyesha namna ya kubana unga, namna ya kusikiliza. Kahawa inatoka nyembamba, inajikunja, rangi yake ya kahawia inageuka nyeupe, hapo unakata. Nilijiona mukubwa sana. Wageni walikuwa wanaita, "Mama Gentil, moja tena!" na mimi natembea na kichwa juu sawa mimi njo niliumba kahawa.

Halafu niliiua. Maji ya chemchemi ya kule yanaacha unga mweupe ndani ya birika, kila mutu anajua, mi mwenyewe nilikuwa ninaukwangua na kisu. Lakini sikufikiri kwamba mashini nayo iko na tumbo. Ilianza kukohoa. Nikabonyeza zaidi. Ilianza kutoa tone tone. Nikabonyeza zaidi. Siku ilizima kabisa, nikaambia masere, "Ni umeme." Basi wewe, maji ya Kisangani uyajue kwanza, na kila wakati uioshe tumbo na ndimu iliyochujwa. Kitu kikianza kukohoa, acha kubonyeza. Mimi nimechelewa kujifunza hiyo kwa mashini, na kwa watu pia.

Tukabaki na mbili: ile nyembamba na ile pana.

Nikakuambia mabaya ya ile nyembamba. Iko nyepesi, ukizungusha mukono wake inatembea juu ya meza, unalazimika kuikumbatia na mukono mwingine. Chupa yake ya maji inatokea juu, na wewe uko na etajere ya kupanga vyombo juu ya meza, basi kila asubuhi utavuta mashini mbele, utajaza, utasukuma nyuma. Tena chujio yake iko na tumbo mbili, inatoa povu hata kwa kahawa mubaya. Muntu wa nyumbani atafurahi. Lakini wewe unalipwa kuonja! Mashini yenye kukudanganya na povu itakuharibia ulimi. Ile pana iko nzito, inatulia, chupa yake inatokea pembeni, na chujio yake haisemi uongo. Nilisema yote hayo, na wewe unajua kuliko mimi, umesomea. Kila neno ulikuwa unatingisha kichwa, ndiyo Mama, ndiyo Mama. Halafu mwishoni: "Lakini nitatwaa nyembamba."

"Juu ya nini?"

"Nafasi haitoshi."

"Nichoree."

Ukachukua kijiti, ukachora studio yako yote, ile nyumba ndogo ya Kisangani, kwenye udongo wa lupango, hapa mbele ya nyumba. Hapa mulango, hapa dirisha, hapa robine ya maji. Hapa meza ya jiko, imeshikana na ukuta. Ulichora muzuri, nikaona kabisa sawa ninaingia ndani. Na kati ya meza na dirisha nikaona mahali patupu, pakubwa.

"Na hapa?" nikauliza. "Hapa hakuna kitu. Vuta meza, weka ile pana."

"Hapa kuko kitanda."

"Kitanda jikoni? Utalala na sufuria?"

"Mimi nitalala ndani. Hicho ni chako, Mama."

Nikafuta hicho kitanda na muguu. Ninaona haya kuandika, lakini uliniona. Nikasema mimi siko mufuko wa makala wa kusukumiwa chini ya dirisha. Nikasema kama unataka kunizika, ungoje nife. Maneno yalikuja yote pamoja, na wewe ulisimama na kijiti chako, ukasema, "Basi baki na mufu wako."

Hapo njo nilibeba bidoni.

Asifiwe, hilo neno hakuna muntu amelisemaka ndani ya nyumba yetu. Watu wanasema "mwenye alienda". Wanasema "kijana wako". Pasta anasema "yule Mungu anamujua". Wewe ulisema mufu. Nilifika mutoni nikakaa juu ya jiwe na bidoni yangu yenye kujaa, na sikulia. Nilikuwa ninatafuta jibu. Leo njo ninakujibu, juu kesho utakuwa ndani ya kamyo ya mizigo, na telefone ya hapa Mpofi inakatakata maneno.

Wewe unasema siku kaka yako Gentil alienda unakumbuka blanketi tu. Ulikuwa mutoto wa kubebwa. Niache nikupe ile yenye iko nyuma ya blanketi, si kwa kukutesa. Unaenda kuishi na kahawa kila siku, na ninataka ujue kahawa yetu ilipitia wapi.

Wakati tulikimbia vita Karuba, wengi walishuka Sake, wakaenda mupaka Mubambiro, wakajenga mahema yao karibu na kambi ya askari. Mimi nikakataa. Nikasema, mahali askari wanalala, njo risasi zinatafuta. Nikachukua njia ya huku, ya pori, na wewe mugongoni na Gentil mbele. Watu walisema Mama Gentil ana akili. Wale wa Mubambiro waliteseka sana, njaa, matope, mabomu usiku. Lakini jirani yangu wa Karuba mwenye alienda kule, watoto wake wote wako wazima. Hata leo nikikutana naye ninamuuliza habari za watoto, na ninahesabu kimya, na ninajichukia.

Tulijificha ndani ya kibanda cha shamba, mbali na njia. Katika muzigo wangu nilikuwa na chumvi, nguo zenu, na kafuko ka kahawa ya baba yenu. Mutu mwingine angebeba maharagi. Mi nilibeba kahawa, juu ilikuwa ya mwisho yenye mikono yake iliivuna.

Sasa sikia. Sisi watu wa Masisi, milima yetu iko wazi. Kule kitu chenye kinakuuza ni moshi. Muntu anaona moshi kutoka mulima wa tatu, anajua kuko watu, anakuja. Tulifundishwa tungali watoto: wakati wa hatari usiwashe moto kwenye jua, ngoja ukungu. Ukungu unafunika moshi, unapika kwa amani. Mimi nilitoka na hiyo akili ya mulima nikaingia nayo pori. Na pori la Walikale haliko hivyo. Huku moshi hakuna mutu anauona, miti inaumeza. Huku harufu njo inatembea. Na siku ya ukungu harufu haipandi, inalala chini, inafuata njia sawa mbwa. Watu wa hapa wote wanajua. Mutoto wa hapa mwenye kunyonya anajua. Mimi sikujua.

Asubuhi moja ukungu ulishuka muzito, muzuri. Gentil akatoka inje, akarudi anacheka. "Mama, leo kuko ukungu. Tukaange kahawa!" Alikuwa na sauti yake mupya ile, yenye kupanda na kushuka, nilikuwa ninamuchekelea. Nikasema sawa. Tulikuwa tumeishi siku nyingi kwa kunong'ona, na nilitaka asubuhi moja tu yenye iko sawa asubuhi. Nikaweka kigae kwenye moto. Yeye akakoroga. Wewe ulikuwa ndani ya blanketi. Mbegu zilianza kulia, pa, pa, na ile harufu ikajaa kibanda, na mimi nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kabisa. Hiyo njo haitaki kutoka kichwani.

Walikuja bila kelele. Walikuwa na bunduki, lakini waliita hodi. Mumoja akasema, "Mama, tulisikia harufu tangu kule mutoni." Nikasimama. Nikasahau kigae. Na Gentil, mbele ya bunduki zile, akanigeukia akasema, "Mama, koroga, itaungua."

Nikakoroga. Nikatwanga, nikachemsha, nikamimina. Walikaa chini sawa wageni, wakakunywa yote. Mukubwa wao akasema, "Kahawa yako iko tamu, Mama." Nikasema asante. Unasikia, Asifiwe? Nilisema asante.

Halafu akasema, "Huyu kijana atatubebea muzigo mupaka barabarani. Kesho atarudi." Gentil hakutwaa hata shati ya pili. Akafunga viatu. Kwa mulango akaniambia, "Unichungie kikombe changu." Halafu ukungu.

Nimemaliza. Sijui kingine, na hakuna mutu mwenye anajua. Nilienda barabarani, nilienda kwa machimbo, nilienda kwa watu wenye hupaswi kuwaendea. Wewe ulikuwa mugongoni kwangu safari zote hizo. Umejifunza kutembea kwenye hizo njia.

Baadaye baba yenu mukubwa alitoka Karuba kuja kunitafuta. Hiyo unaikumbuka, ulikuwa umekua. Alikuja na shuka nyeupe ndani ya mufuko. Kwetu, muntu akipotea na mwili wake hauonekani, unakata shina la mugomba, unalivika shuka, unalilaza kaburini, unalia kwa sauti, unafunika. Imeisha. Waliobaki wanaweza kula, kuoa, kusafiri. Akaniambia, "Mama Gentil, mutoto mwenye hajazikwa anashika wadogo wake miguu." Alisema kwa upole, hakuwa mutu mubaya. Aliisha hata kuchagua mugomba, ule wa nyuma ya choo. Nikaenda nikakaa chini ya ule mugomba muchana wote, na wewe ukaniletea bugali pale pale. Akarudi Karuba na shuka yake.

Watu wanafikiri niko na imani kubwa. Wanawake wa kanisa wananishika mukono, "Mama Gentil, imani yako!" Na mara ngapi kwa siku wananiita hilo jina? Sokoni, mutoni, kanisani. Mama Gentil, nyanya zako bei gani. Mama Gentil, mbuzi yako iko kwa shamba langu. Kila mutu wa Mpofi anamuita mutoto wangu mupaka jioni, na yeye haitiki.

Lakini asubuhi anaitika. Niache niseme yote, tumefika hapa. Kuko asubuhi, hasa kukiwa ukungu, ninasikia mutu anakohoa nyuma ya nyumba. Kikohozi chake. Kile cha kavu, mara mbili, alikuwa nacho tangu utoto. Ninafungua mulango. Hakuna mutu. Na mbwa, ile mbwa yetu yenye inabwekea hata kuku, haibweki. Imesimama inaangalia pori na inatingisha mukia.

Nilimuuliza Papa Mulonda, yule jirani wetu muwindaji, juu yeye anajua mambo ya pori na ya zamani kuliko pasta. Alitafuna mbegu yake ya kola. Akasema, "Mufu hakohoi, Mama Gentil. Mufu anaita jina. Alikuita jina?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikafikiri, huyu muzee anajua nilikuwa ninataka nini, akanipa. Hata sasa sijui kama alinisaidia ao alinidanganya kwa huruma.

Njo sababu ninakaanga. Umeniuliza tangu uko mutoto kwa nini ninakaangia kahawa inje, uso kwa pori, siku ya ukungu, wakati watu wenye akili wanakaangia jikoni. Nilikuwa ninakujibu, jikoni kuko moshi. Ni uongo wa mutu mukubwa. Ile harufu njo ilimutoa kwangu. Sikuwa na njia nyingine ya kumuita. Nilifikiri, kama inaweza kuleta watu wabaya kutoka mutoni, inaweza kuleta mumoja muzuri. Ninakaanga, ninamimina kikombe, kinapoa, ninakunywa mimi. Nimefanya hivyo mupaka mikono inafanya yenyewe.

Sasa jibu langu kwa lile neno.

Sikukasirika juu ulisema uongo, Asifiwe. Nilikasirika juu kuko siku ninakubaliana na wewe. Kuko siku ninaamka na ninajua, mwili wote unajua, kwamba mutoto wangu alikufa siku ile ile, hata barabarani hakufika. Na ile siku ninaiogopa kuliko kikohozi. Kama amekufa, nimekaa hapa bure. Kama amekufa, niko mama mwenye alikuwa na mutoto muzima ndani ya nyumba, na muda wote macho yake yako porini. Ulikuwa unanionyesha daftari ya masomo, ninasema muzuri, muzuri, na sikio liko inje. Ulikuwa unaona. Mutoto anaona yote. Uchungu wa mutoto anaujua mwenye kuzaa, watu wanasema, na ni kweli, lakini uchungu wako wewe niliuacha ujilee wenyewe. Na wewe, na hayo yote, ulichora kitanda changu.

Nimeangalia kile kitanda kila siku tangu ulichora. Muguu wangu ulikifuta, mvula ya kwanza ikamaliza, na mi bado ninajua kiko wapi, ninakizunguka nikifagia. Ninajua ningelala muzuri pale. Ningekusikia asubuhi ukipiga mashini yako. Ningekutukana juu umebana unga kidogo. Ninataka, sikia muzuri, ninataka sana. Sijakataa juu ya kutokukupenda.

Ila ninaweza kuwaza mutu mumoja anatoka kwenye ukungu, mukubwa sasa, na ndevu, na pengine na kilema, anasimama kwa huu mulango, anakuta wageni. Anauliza, "Mama Gentil iko wapi?" Wanamuambia, alienda muji. Hiyo siwezi. Nimejaribu kuifikiria kila namna, na siwezi. Wewe ukifika kwa mulango wangu utanikuta. Yeye pia anipate. Ninyi wawili ni watoto wangu, na mumoja kati yenu anajua njia ya kamyo.

Kwa hiyo, nunua ile pana. Ile nzito, ya chupa ya pembeni, yenye chujio isiyosema uongo. Vuta meza mupaka dirishani. Usiniachie nafasi. Mutu mwenye anaacha nafasi tupu ndani ya nyumba anaishi nayo, inakula naye, inalala naye, nimekuwa nayo na ninakuambia haishibi. Jaza hapo. Weka kinu, weka vikombe vya rafiki zako, weka mutu mwenye kukuchekesha. Piga kelele. Nilikulea kwa kunong'ona, Asifiwe, na ulikuwa mutoto wa pekee wa Mpofi mwenye alikuwa anafunga mulango polepole. Walimu walinisifu kwa hiyo, na mimi nilipokea sifa.

Kuhusu shuka nyeupe na mugomba, hiyo ninakuachia. Siku mimi nitakufa, kama yeye hajarudi, ukate shina moja, ulilaze pembeni yangu, na ulie kwa sauti kwa sisi wawili. Lakini mimi nikiwa muzima hapana. Na baba mukubwa akikuambia kwamba kaka yako anakushika miguu, umuambie hapana, ni mama njo alikuwa anaishika, na ameiachilia.

Mvula inapunguka, ninasikia sauti zenu kule barabarani, wewe unacheka na wenzako. Nitaweka hii barua chini ya nguo zako, usiisome mbele ya shangazi zako.

Kesho nitasimama kwa barabara na watu wote. Nitakuwa na kitenge changu cha kanisa, nitakuwa ninacheka na kugombeza dereva juu ya muzigo wako, na utasema, Mama iko sawa. Kamyo ikianza kutembea, geuka mara moja, unipungie mukono. Mara moja tu, mwanangu. Usigeuke mara ya pili. Ukigeuka mara ya pili, nitapanda.

Mama yako,
ni mimi, Mama Asifiwe